Flashi yenye Kamba Nyekundu

Kwa miaka minane nilitembea na virusi mfukoni. Vilikuwa virusi vya kompyuta, ndani ya flashi nyeusi iliyofungwa kamba nyekundu ya kiatu. Flashi hiyo niliitunza kwenye kopo tupu la mafuta ya kujipaka, nikalifunga kwa nailoni ili maji yasiingie. Kopo lilikwenda nami Eldoret nilikopakia mahindi, likaenda Juba nilikouza maji ya chupa, likakaa Mwanza msimu mzima wa mvua chini ya godoro la kukodi. Watu waliniuliza kwa nini situlii mahali. Niliwajibu kwamba miguu yangu imezoea njia, na hilo ni kweli tangu utotoni. Habari ya kopo sikuwaambia. Kila nilipohama nililifungua kwanza, nikaitazama ile kamba, nikamfikiria mtu mmoja na mashine yake, nikapata nguvu ya kubeba mzigo mwingine.

Mtu huyo alikuwa mkuu wa ofisi yetu, na mimi nilikuwa mtu wa mizani. Kampuni ilikuwa ndogo, ndege mbili za injini moja moja. Uwanja wake ulikuwa ukanda wa nyasi nje ya mji wa Tororo, na kando yake banda la mabati lililokuwa ofisi, ghala na mahali pa abiria kusubiri. Upepo ukigeuka, vumbi la kiwanda cha saruji lilitua juu ya viti na tulilifuta kwa mikono ya mashati. Ukisimama mlangoni uliliona jiwe la Tororo lote, mlima mzima wa mwamba, kuanzia miti ya chini mpaka kipara chake. Katika miji yote niliyopita baadaye nililitafuta jiwe hilo kila asubuhi kabla sijakumbuka niko wapi.

Kazi yangu ilikuwa kupima kila kitakachopanda: mzigo, mkoba na mtu mwenyewe. Wengi hawakupenda kupimwa. Akina mama wafanyabiashara wa Malaba walivua viatu, saa na hata vilemba. Mwanasiasa mmoja mnene aliniamuru niandike tisini. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mimi naweza kuandika tisini, lakini ndege haijui kusoma." Alipanda amenuna, na Kapteni alicheka mpaka akaegemea bawa.

Kapteni, rubani wetu, alikuwa mwanamke, binti wa fundi wa reli wa hapo hapo Tororo. Alikuwa na desturi ya kunisalimia kwa kirefu kila asubuhi, kama tunavyosalimiana kwetu. Masaba kumenyesha? Mama yuko vipi? Mihogo inasemaje? Mama yangu analima Masaba, na Kapteni alitaka kwanza habari zake, kisha ndiyo habari za mzigo. Baada ya hapo alichukua karatasi ya uzito, akaisoma mstari kwa mstari, akatia sahihi chini ya sahihi ya mkuu wa ofisi.

Karatasi hiyo ilitoka kwenye kompyuta. Ndani yake kulikuwa na uzito wa ndege ikiwa tupu. Ukiongeza mafuta, abiria na mzigo, inakuambia kama ndege itapaa vizuri au umeizidishia. Kompyuta hiyo hiyo ilipokea ramani mpya za anga, ambazo hutoka kila baada ya wiki nne, na kuziweka kwenye kadi inayochomekwa mbele ya rubani. Mtandao wa Tororo miaka ile ulikuwa wa kusuasua. Kwa hiyo kila wiki ya nne nilikwenda Busia, nikavuka kwa miguu hadi upande wa Kenya, nikaingia saiba, duka la kompyuta za kukodi, ya mama mmoja mwenye mtandao wa kasi, nikapakua ramani kwenye flashi na kurudi nazo. Kwenye flashi hiyo niliweka pia nakala ya kazi yetu ya uzito, kama akiba.

Kamba nyekundu aliifunga Kapteni kwa mkono wake. "Hii inaingia saiba ile na ofisi hii, basi," alisema. "Mtu yeyote akiiona kamba, akumbuke kuna mtu yuko juu."

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Flashi miaka ile ilikuwa kama kiberiti. Kila mtu alikuwa nayo shingoni au kwenye funguo, imejaa nyimbo alizowekewa kwenye vibanda vya Busia, na jirani akiiomba unampa. Mtu aliyefiwa ana haki zaidi kuliko jirani. Mpaka mazishi yaishe, akikuomba kitu humnyimi. Ukimnyima, watu watasema ulifurahia kifo, na neno hilo litakufuata kisimani na kanisani.

Mama mkwe wa mkuu wa ofisi alifariki, nyumbani kwao Masaba. Alhamisi jioni mkuu wa ofisi alikuja kwenye meza yangu akiwa tayari amevaa suti nyeusi.

"Mtu wa mizani, nisaidie hiyo flashi. Watu wa muziki wanataka nyimbo za kwaya alizopenda marehemu, na mimi sina cha kubebea."

"Pole sana, mkubwa. Lakini hiyo ni ya ramani. Nimezileta jana."

"Najua ni ya ramani. Nimefiwa."

"Kapteni alisema..."

"Kapteni ndiye aliyefiwa?"

Nikampa. Hapo ndipo lilipo kosa langu. Silifichi leo, ingawa kwa miaka minane nililipita haraka kila nilipolikumbuka.

Aliirudisha Jumatatu asubuhi, kamba ikinuka moshi wa kuni. Aliniambia nyimbo hazikufunguka vizuri. Mpiga picha naye alidai kumwekea picha za mazishi, lakini hakuziona, kwa hiyo alikuwa amefuta kila kilichoonekana. "Ni safi kabisa," alisema. Niliichomeka kwenye kompyuta ya ofisi ili nione kama ramani zimebaki. Badala ya folda nikaona picha ndogo zenye vishale. Nilibonyeza moja, haikufunguka. Baada ya muda mfupi folda za kompyuta yenyewe zikageuka vilevile, moja baada ya nyingine, na ile ya uzito ikiwemo.

Kulikuwa na safari ya saa nne asubuhi. Masanduku ya vipuri vya mashine yalikuwa nje yakisubiri, mazito, ya kwenda kaskazini. Nilisema tumwite Kapteni. Mkuu wa ofisi akaniambia nikapime masanduku, yeye atashughulika na kompyuta. Nilikuwa bado napima alipotoka na karatasi mkononi.

"Imefunguka?" niliuliza.

"Imefunguka."

Watu hudhani virusi huingia ndani ya ndege na kuizima angani. Wengi waliniuliza hivyo baadaye, tena kwa hamu, kama watu wanaotaka kusikia habari za uchawi. Haikuwa hivyo. Injini ilinguruma kama siku zote. Ndege ilikimbia kwenye nyasi, ikapita mahali ilipozoea kunyanyuka, ikaendelea kukimbia. Iliachana na ardhi mwishoni kabisa na haikupanda. Magurudumu yalikata vilele vya miti, na tuliisikia ikianguka kabla hatujaacha kuiangalia. Kapteni alikuwa peke yake na masanduku. Tulimtoa kwenye shamba la mihogo la mtu, upande wa Mwello, akiwa hai na mgongo umevunjika.

Mkaguzi wa ajali za ndege alikuja. Alikuta virusi kwenye kompyuta, akauliza vimetoka wapi, na vidole vyote vikaelekea kwenye flashi. Mkuu wa ofisi alisema mimi huwa naijaza nyimbo Busia. Akasema virusi vimebadilisha namba za uzito, ndiyo maana karatasi ilionyesha mzigo uko sawa. Mimi nikasema aliiazima flashi kwa ajili ya matanga.

"Mimi?" alisema. "Nimetoka kumzika mama mkwe, ndugu zangu, bado nina udongo kwenye viatu. Nitafute flashi za watu?"

Chumba kizima kiliniangalia mimi. Nilikuwa mtu anayemsingizia mfiwa. Desturi iliyonifanya nimpe flashi ndiyo hiyo hiyo iliyonifunga mdomo, na yeye alilijua hilo vizuri.

Nilifukuzwa kazi, na siku ya kuondoka mkuu wa ofisi alinirushia flashi kwenye majani mbele ya wapakiaji. "Beba uchafu wako," alisema. Niliinama nikaiokota. Kutoka hapo nilikwenda hospitali. Kapteni alikuwa amelazwa kifudifudi na hakuweza kugeuza kichwa, kwa hiyo alizungumza na shuka.

"Nilikuamini kuliko wote pale," alisema. "Nenda. Na tukikutana, usinisalimie."

Maneno hayo ndiyo niliyobeba, na flashi juu yake. Kazi nyingine nilipata. Lakini kwetu mtu akikukataza salamu amekuondoa kwenye hesabu ya watu, na aliyenikataza alikuwa ndiye mtu pekee ambaye salamu yake niliisubiri. Njiani niliapa kwamba siku moja flashi hiyo itarudi ilikotoka. Nitaingia ofisini, nitaichomeka kwenye mashine ya mkuu wa ofisi, nitaondoka polepole. Kila kitu chake kitageuka vishale. Atabonyeza na kubonyeza, na hakuna kitakachofunguka.

Mwaka huu nilirudi kumsaidia mama kuvuna karanga. Siku ya soko nilikwenda Tororo, na mtu wa kwanza kunishika bega alikuwa askari wa pale uwanjani, mzee aliyekuwa akinipigia saluti kwa utani kila nilipopita na mizani.

"Wewe!" alisema. "Sisi nasema ulikufa huko Sudan. Mimi mwenyewe nakunywa chai ya matanga yako."

"Ilikuwa tamu?"

"Sukari ilikuwa kidogo. Watu ya kwenu bahili." Alinivuta kando ya mama aliyekuwa akiuza dagaa. "Lakini wewe uko maarufu, bwana. Mkubwa nafundisha watu mpya mambo ya virusi, kila mwaka. Anasema habari yako. Mtu ya mizani napenda muziki mpaka anaangusha ndege. Watu nacheka sana. Hata kwa ukuta iko picha ya flashi, kamba nyekundu, na mstari nakata katikati."

"Kapteni naye anacheka?"

"Kapteni hapana. Yeye nakaa nyuma na fimbo yake. Hawezi kuruka tena, lakini sasa ni yeye mkubwa ya wote."

"Somo lingine ni lini?"

"Alhamisi. Unataka kuja kujiona?"

"Nataka."

Sikuona vizuri njia ya kurudi. Nilikuwa nimedhani mtu yule ananikwepa akilini kama mimi nilivyokwepa kosa langu. Kumbe kwa miaka minane alinisimamisha mbele ya wageni kila mwaka na kunifanya kichekesho. Alikuwa amejenga jina lake la mwalimu juu ya mgongo wa Kapteni na jina langu.

Jumatano nilivuka mpaka. Nilitaka kuhakikisha kwamba virusi bado viko hai. Saiba ilikuwa palepale, rangi mpya tu, na mama mwenye saiba sasa alikuwa na mvi na miwani ya kamba.

"Si wewe yule wa ndege?" aliniuliza. "Uliyekuwa ukija na flashi imefungwa kama mbuzi?"

Nilitoa kopo, nikalifungua, nikanyoosha mkono kuelekea mashine iliyokuwa karibu. Alinipiga kiganja.

"Simama hapo. Hiyo ndiyo inanilisha. Ya wageni iko kule." Alinipeleka pembeni kwenye kompyuta kuukuu yenye skrini ya mgongo. "Hii naiita chumba cha maiti. Haina mtandao, haina jirani. Lete marehemu wako."

Aliichomeka. Vishale vikatokea, vilevile kama asubuhi ile, na moyo wangu ukafurahi kwa namna ambayo si nzuri.

"Kumbe bado vizima," nilisema.

"Hivi? Hivi vilitutesa sana miaka ile. Lakini ni vya kijinga, babaa. Vinaficha folda zako na kuweka mabango mahali pake. Ukibonyeza bango, vinaingia kwa mashine yako. Vitu vyenyewe haviguswi."

"Havibadilishi namba zilizo ndani?"

"Vibadilishe kwa akili gani? Ni virusi, si karani."

Nilimwomba arudie. Alirudia, kisha akabonyeza hapa na pale, akaondoa alama mahali fulani, na skrini ikajaa. Folda tatu zilikuwepo, rangi zao hafifu kama nguo iliyofuliwa sana. Ya kwanza ilikuwa ramani. Ya pili ilikuwa uzito, nakala yangu ya akiba. Ya tatu sikuwahi kuiona maishani mwangu. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: MATANGA MASABA PICHA.

Mkuu wa ofisi alikuwa amefuta mabango tu, na virusi vikayaweka upya. Folda zenyewe hakuziona, kwa hiyo hakuzigusa, na mimi nilizibeba Eldoret, Juba na Mwanza bila kujua. Mama wa saiba alifungua picha moja moja. Jeneza. Wanawake wa kanisa na vitenge vya sare. Kisha mkuu wa ofisi katika suti yake nyeusi, ameegemea meza ya watu wa muziki mchana kweupe, mkono juu ya spika, na kwenye ubavu wa kompyuta yao inaning'inia kamba nyekundu.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Nilimweleza yote. Nilipomaliza akauliza, "Sasa utafanya nini?"

"Nitaipeleka ilikotoka."

"Utapeleka picha, au hiyo sumu?"

"Sijui bado."

"Basi nikuchapishie picha kwanza. Ukiwa na hasira hivyo utasahau."

Alichapisha picha ile na ukurasa wa kwanza wa uzito, akavitia kwenye bahasha ya kaki. Flashi niliirudisha kwenye kopo. Niliondoka na vyote viwili na sikumdanganya. Kwa kweli sikujua.

Alhamisi askari alinifungulia lango na kupiga saluti yake ya zamani. Banda lilikuwa limeongezwa chumba, na humo kulikuwa na viti vya plastiki na watu kama kumi na watano, wapakiaji wapya, makarani na marubani wawili wanafunzi. Nilikaa nyuma na kofia usoni. Mkuu wa ofisi alikuwa amenenepa na kuota upara. Alinitazama mara mbili bila kunijua. Ukutani, juu ya kichwa chake, niliona flashi yangu imechorwa na kukatwa mstari.

Alifundisha vizuri, sitamnyima hilo. Alieleza jinsi kompyuta ya chini inavyoweza kumuumiza mtu aliye juu. Kisha akatabasamu kama mtu anayefikia sehemu anayoipenda.

"Hapa kulikuwa na mtu wa mizani. Mtu wa kucheka naye, mtu mzuri. Lakini muziki, jamani, muziki ulimmaliza. Akaenda Busia kujaza nyimbo kwenye flashi ya ndege. Virusi vikaingia, vikabadilisha namba za uzito. Mengine mnayajua."

Watu walicheka. Mwanafunzi mmoja wa urubani aliuliza mtu huyo yuko wapi siku hizi.

"Watu wa namna hiyo hupotea," alisema.

Wakati wa chai wote walitoka. Mimi nilibaki. Kompyuta aliyofundishia ilikuwa juu ya meza, imeachwa wazi, na nilipoikaribia nikaona kwamba ndiyo ile ile ya kazi. Kwenye skrini kulikuwa na karatasi ya uzito ya safari ya saa nane mchana. Tundu la flashi lilikuwa limeelekea upande wangu. Nilifungua kopo. Nilikuwa nimeliota tundu lile katika nchi nne. Niliitoa flashi.

Nilikuwa mtu wa mizani, kwa hiyo nilisoma. Abiria wa kwanza, kilo sabini na mbili. Wa pili, sitini na nne. Wa tatu, mtoto, kilo kumi na moja. Nilipima watoto wengi pale. Unampima mama akiwa amembeba, unampima mama peke yake, kisha unatoa. Asubuhi ile mtu fulani alikuwa ametoa, akapata kumi na moja.

Mimi nilitaka mtu mmoja aanguke. Mashine ile haikuwa na namna ya kumchagua.

Nilirudisha flashi kwenye kopo. Msinifikirie kuwa nililainika. Hasira ilikuwa palepale, imejaa, ila sasa ilihamia kwenye bahasha.

Watu walirudi, na nyuma yao akaingia Kapteni na fimbo yake. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi na alitembea ameinama upande mmoja. Alikaa mstari wa nyuma, kiti cha tatu kutoka kwangu. Alinitazama. Alinijua mara moja, niliona. Mimi sikumsalimu, kwa kuwa alinikataza.

Mkuu wa ofisi aliuliza kama kuna maswali. Nilisimama.

"Mkubwa, vile virusi vilikuwa vya aina gani?"

"Virusi ni virusi."

"Vilikuwa vya kugeuza folda kuwa vishale. Nilitaka kujua, vinaweza kubadilisha namba?"

Alivua miwani. Sura hakuikumbuka, lakini sauti ilimfikia.

"Nani amekuruhusu kuingia?"

"Mimi, mkubwa," askari alisema kutoka mlangoni. "Alisema anakuja kujiona."

Wachache walicheka, kisha wakaacha. Nilitoa flashi kwenye kopo, nikaishika kwa kamba, nikaiinua ilingane na ile ya ukutani. Yeye alirudi nyuma hatua moja na kuifunika kompyuta kwa mikono yake.

"Hiyo haiingii hapa. Kanuni iko ukutani."

"Ni kweli, haiingii," nilisema. "Ingawa tundu la mashine ya kazi liliachwa wazi tangu chai, na mimi nilikuwa humu peke yangu. Ndiyo maana nimeleta karatasi."

Nilimpelekea Kapteni bahasha. Aliiangalia picha kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akagusa ile kamba kwa ukucha. Kisha akasoma ukurasa wa uzito. Alimtuma karani alete faili la chini kabisa kwenye meza yake. Ndani kulikuwa na karatasi ya siku ile, imekunjwa mara nne na ina doa la mafuta. Alikuwa ameitunza, kama mimi na kopo langu. Aliziweka karatasi mbili magotini na kusoma mstari wa kwanza wa kila moja, uzito wa ndege tupu.

"Hii ya kwenye flashi ni nzito zaidi," alisema.

"Ndiyo uzito wa kweli, Kapteni. Niliuhifadhi kabla ya msiba. Virusi viliuficha tu."

"Na hii niliyoruka nayo, nilidhani virusi viliiharibu, kumbe ni ya zamani, kabla hatujabadilisha sakafu na viti." Hakuwa akizungumza na mimi. "Mashine haikufunguka siku ile. Ulitafuta nakala ya zamani, ukanipa."

"Kapteni, nilikuwa mfiwa," alisema mkuu wa ofisi.

"Najua. Nilichanga sukari ya matanga."

Mkuu wa ofisi alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokipata, kiti cha mwanafunzi. Mimi nilifurahi. Nilisubiri nione akifukuzwa pale pale, nione mtu akimrushia miwani kwenye majani ainame aiokote. Badala yake Kapteni alinigeukia mimi.

"Nani alimpa flashi?"

Nilikuwa na miaka minane ya kujiandaa, na swali hilo sikuliandalia jibu.

"Mimi, Kapteni."

"Nilisema nini siku nilipoifunga kamba?"

"Kwamba haiingii mashine nyingine."

"Ukampa."

"Alikuwa amefiwa."

"Kwa hiyo ninyi wawili mliheshimu msiba," alisema, "halafu mimi nikaruka."

Aliikunja karatasi yake mara nne kama ilivyokuwa, akaweka na yangu juu yake.

"Somo litaendelea, na kila mwaka litaendelea," alisema. "Ila sasa lina watu wawili. Wewe, mwalimu, simama uanze upya, kuanzia msibani. Ukifika mahali pake, yeye atasimama aseme mwenyewe." Kisha, kabla mkuu wa ofisi hajainuka, aliniangalia tena. "Masaba kumenyesha?"

Nilivua kofia. "Kumenyesha, Kapteni."

"Mama yuko vipi?"

"Bado analima."

"Kaa mbele, basi. Huko nyuma husikii vizuri."

Nilikaa mstari wa kwanza, magoti yangu karibu yaguse meza ya mwalimu, kopo mapajani. Mkuu wa ofisi alisimama. Alivaa miwani, akaivua. Nilimwangalia mdomoni na sikumwondolea macho hata kidogo.

"Mama mkwe wangu alikuwa amefariki," alisema. "Watu wa muziki walitaka nyimbo. Kwa hiyo niliomba flashi." Akatafuta maji.

"Kwa nani?" niliuliza.

Aliangalia dirishani, kisha Kapteni, kisha mimi.

"Kwa huyu," alisema, na nikasimama kusema yangu.